Mngurumo Chini ya Mkondo

Ndama wawili wa Tumpe walikutwa wamekufa kwenye majani ya ukingo wa Ziwa Isumba, wamelala ubavu kwa ubavu kama waliopitiwa na usingizi. Hawakuwa na jeraha, hawakutoka povu, wala matumbo yao hayakuvimba. Ng'ombe wakubwa walisimama juu kwenye mteremko wakikataa kushuka kunywa maji. Tumpe alipowachapa fimbo, waligeuza vichwa na kukaza miguu.

Tumpe hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alijifunga kitenge kiunoni, akapanda ile njia ya utelezi mpaka Nyumba ya Sauti, akamkuta rafiki yake Subilaga anakunywa chai ya tangawizi mlangoni, ukungu umemzunguka.

"Ugonile, Subi," alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Ndaga. Kulikoni, mbona uso umekunjamana asubuhi yote hii?"

"Hebu fungua masikio ya ziwa lako unisikilizie. Kuna kitu kule chini kinaua, nami sikioni."

Subilaga aliweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vinasa sauti vya Isumba, vingine vimetundikwa kwenye miti ya parachichi kuzunguka ziwa, vingine vimezamishwa majini. Mchana na usiku vilisikiliza mawimbi, vyura na upepo, na kuvitiririsha duniani. Watu wa miji yenye makelele, ambao hawajawahi kuliona ziwa lile, walifungua Mkondo wa Isumba ili wapate usingizi. Mapato ya usingizi wao ndiyo yaliyojenga zahanati, yakanunua na mtambo wa kupoozea maziwa.

Siku hizo hakuna mtu aliyeweka sauti nyumbani kwake. Wimbo, mahubiri, habari, hata salamu za jamaa, vyote vilikuwa ndani ya Mkondo. Ukifungua sikio vinatiririka, ukifunga vimekwenda zake. Kurekodi kilichokuwa kikitiririka kuliruhusiwa, kwa kuwa sheria ilisema kilichokwisha kuingia sikioni mwako ni chako. Lakini faili lenyewe, sauti nzima kama kinasa kilivyoidaka, liliitwa chimbuko, na chimbuko lilifungwa kwa lakiri moja. Kulipakua bila idhini ya wote waliosikika ndani yake kulihesabiwa sawa na kumvua mtu nguo sokoni.

Subilaga alimpa Tumpe hedifoni moja, akavaa ya pili. Wakasikiliza. Maji yalilamba mawe taratibu. Ndege alilia upande wa kushoto, mwenzake akamjibu upande wa kulia.

"Pametulia," alisema Tumpe, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kugomba. "Pametulia mno. Nimetoka huko sasa hivi, na hakuna ndege hata mmoja."

*

Subilaga alirekodi Mkondo asubuhi nzima. Kisha akaifungua ile rekodi kwenye kioo kama picha, sauti nyembamba juu, sauti nzito chini, ili aone kwa macho kile ambacho sikio halikuweza kumwambia.

Sehemu ya juu ilijaa rangi. Sehemu ya chini kabisa ilikuwa nyeupe pe, kama sahani iliyooshwa.

Hilo halikumshangaza, maana ndivyo Mkondo ulivyoundwa. Ili sauti ipite haraka kwa watu wengi, ulikata kila ambacho sikio la binadamu halisikii, na mngurumo mzito wa ardhini ndio uliokuwa wa kwanza kutupwa. Njia ikibana, ulikata zaidi, halafu ukaziba mapengo kwa kubahatisha: huyu hapa ndege, bila shaka alilia tena; haya hapa mawimbi, bila shaka yaliendelea. Na huu wa Isumba, ulipokutana na sauti ya mtu uliifuta kabisa, ukashona upepo wa kubuni juu yake. Kwenye picha, viraka hivyo vya upepo vilionekana wazi kwa anayevijua, vilaini kuliko upepo wa kweli.

Kwa hiyo rekodi yake, hata ingekuwa safi namna gani, ilikuwa rekodi ya kilichopita kwenye bomba. Tope la chemchemi halimo katika maji ya bomba.

Alimpigia Gwakisa, mtaalamu wa volkano aliyekuwa Mbeya mjini, mtu aliyezoea kusema upesi kama anayekimbizwa. Akamweleza habari za ndama, ng'ombe na ndege waliokimbia.

Safari hii Gwakisa alisema polepole. Haikuwa kawaida yake.

"Dada Subilaga, ziwa lile limekaa ndani ya mdomo wa volkano. Hewa nzito hutoka chini ya mwamba ikajikusanya kwenye maji ya kina, mwaka baada ya mwaka. Siku maji yakichafuka, hewa yote inapanda kwa mara moja. Haina harufu wala rangi. Inateleza chini kama maji, inajaa mabondeni, na kila kinachopumua kinalala. Ndama hao wamelamba ncha yake tu."

"Basi tuma malori watu waondolewe."

"Kwa ushahidi gani? Nimewahi kuwaondoa mara moja kwa tahadhari isiyo na mashiko. Waliporudi walikuta mifugo imeibiwa na migomba imefyekwa. Safari hii hawatanisikia, na wakubwa wangu pia hawatanisikia. Nahitaji mngurumo wa chini. Maji yanapojaa hewa huwa yananguruma siku nyingi kabla ya kupasuka. Nipe chimbuko."

"Lina sauti za watu ndani."

"Na ufunguo unao wewe. Lipakue, litenge, nitumie sehemu ya chini. Nani atajua? Dada, watu walio hai wanaweza kukusamehe. Waliokufa hawawezi."

Simu ilipokatika Subilaga aliketi mbele ya mtambo. Kupakua kungechukua muda wa kuchemsha chai. Kidole chake kilifika mpaka kwenye kitufe, kikakaa pale.

Aliwakumbuka watu wa Isumba siku ile vinasa vilipotundikwa. Walikuja wote, wazee kwa vijana, wakasimama mvuani, wakamtaka aape kwa kinywa chake. Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba sauti iliyosafishwa na Mkondo haiwezi kutumiwa kughushi kitu, kwa kuwa imenyolewa kila kinachomfanya mtu awe yeye. Lakini chimbuko lina pumzi, mikwaruzo, mate yanavyogonga kwenye meno. Mwenye chimbuko lako anaweza kuishona sauti yako upya na kuivaa kama koti, akapiga simu kwa ndugu zako akiwa wewe. Ilishatokea, tena hapo hapo bondeni.

Isitoshe, akilifungua kwa siri, watu watamuuliza amejuaje. Watavikata vinasa vyote kwa mapanga, na watakuwa na haki. Siku nyingine ziwa likinguruma halitakuwa na sikio.

Aliondoa kidole, akachukua mwavuli.

*

Kila alasiri Isumba nzima ilikutana kwenye kituo cha maziwa, chini kwenye mwanya ambako kijito hutoka ziwani. Subilaga aliwakuta kwenye foleni na madumu yao. Akapanda juu ya kreti, akawaambia yote bila kuficha: hofu ya Gwakisa, sahani nyeupe kwenye picha, na lile lililomo ndani ya chimbuko.

"Na leo hii," alimalizia, "hata kabla ya ushahidi, anayeishi karibu na maji namsihi akalale kwa jamaa yake huko juu."

"Tulilala juu mwaka ule, tukaamkia hasara!" mwanamume mmoja alipaza sauti.

"Ndiyo maana naomba chimbuko. Likisema hakuna kitu, nitawaambia hakuna kitu. Lakini nataka idhini yenu, mmoja mmoja, kila aliyepita kando ya ziwa na kufungua mdomo."

Kukawa na minong'ono. Mtu mmoja akatania kwamba alimtongoza mkewe pale pale kwenye mawe, hivyo mkewe ndiye atoe idhini. Mkewe akampiga kofi la begani, akasema, "Mimi nimekubali, aibu ni yake." Hapo watu wakalegea. Tumpe alisimama wa kwanza kwenye mstari, na wengine wakafuata, kila mtu akitamka kwa kinywa chake mbele ya wenzake.

Foleni ilipokwisha, Tumpe alimvuta Subilaga kando.

"Kuna mmoja hakuja. Huwa hashuki hapa watu wakiwa wengi."

Subilaga alijua yuko mmoja, ila hakujua ni nani. Kwenye rekodi zake za siku zilizotangulia, kila kulipopambazuka, palikuwa na kiraka kirefu cha upepo laini karibu na mawe ya upande wa mashariki. Kuna mtu alikuwa anazungumza pale, kwa muda mrefu, siku zote.

"Ni nani anayekwenda ziwani alfajiri?"

"Mama Sekela," alisema Tumpe. "Na hatakubali. Mimi nisingekubali."

*

Sekela alikuwa uani anamenya ndizi, mwanamke mrefu mwenye mabega yaliyoanza kuinama. Hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari zako zimekutangulia. Jibu ni hapana."

Subilaga alichuchumaa, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye.

"Ulinisikiliza?" Sekela aliuliza ghafla.

"Hapana."

"Umejuaje basi kama nimo humo ndani?"

"Mkondo umeshona upepo juu yako. Nimeona kiraka. Sikuona kilicho chini yake."

Sekela alimtazama sasa, akimpima. Kisha akasimulia, kwa sauti ya chini, kile ambacho bonde lote lilikijua nusu nusu. Kabla ya sheria, mtu wa ukoo wa mumewe aliyetamani shamba lao alipakua chimbuko la ibada moja ambamo Sekela alisali kwa sauti. Akaishona sauti ile. Akampigia Lwitiko, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Musoma, akamwambia kwa sauti ya mama yake: usirudi, hapa si kwenu, wewe si damu yetu. Lwitiko aliamini. Sekela alipokuja kupata habari na kumpigia, mtoto alimsikiliza kidogo tu, kisha akauliza, "Na wewe ni yupi?" Akakata.

"Nilikwenda Musoma. Alikwisha kuhama, anazunguka na mitambo ya kuchimba visima, leo huku kesho kule. Limebaki sanduku lake la sauti ndani ya Mkondo. Nimtumie nini? Sauti? Sauti ndiyo iliyotuua." Alikata ncha ya ndizi. "Kwa hiyo nakwenda ziwani. Namwambia yeye yote, ng'ombe gani amezaa, nani ameolewa. Nilidhani Mkondo unanifuta. Hukuniambia kwamba chini yake nimebaki mzima."

"Niliwaambia siku ile ya kiapo. Sikusema kwa namna ya kueleweka," alisema Subilaga. "Hilo ni langu."

"Ungelifungua tu, nisingejua kamwe."

"Ndiyo."

"Kwa nini basi umekuja?"

Subilaga aliweka kisu chini. "Ningeliokoa bonde, halafu ningekupita njiani kila siku nikikusalimia."

Sekela aliendelea kumenya. Toka nyumba ya jirani alilia mtoto mchanga, akabembelezwa, akanyamaza. Sekela alisikiliza mpaka mwisho.

"Huwezi kupakua ile sehemu ya chini peke yake?"

"Lakiri ni moja, mama. Linafunguka lote au halifunguki. Likishakuwa kwenye mtambo wangu ndipo ninaweza kulitenga. Hapo katikati, kwa kitambo kidogo, utakuwamo mikononi mwangu mzima mzima."

"Basi sitakuwa mikononi mwako peke yako." Sekela alisimama, akajikung'uta maganda. "Nitakaa nawe. Utatenga nikiona. Utafuta nikiona. Kipande changu utanipa mimi, kisibaki kwako wala kwa mtu yeyote."

*

Lakiri ilifunguka bila mlio wowote. Chimbuko lilishuka, zito kuliko Mkondo mara nyingi, na picha ikaanza kujichora kwenye kioo toka juu kwenda chini. Ndege wachache. Upepo wa kweli, wenye meno. Viraka viligeuka kuwa watu.

Halafu ikafika sehemu ya chini, ile iliyokuwa nyeupe kama sahani.

Ilikuwa nyeusi.

Mngurumo ulianza kama uzi, wiki kadhaa nyuma, ukanenepa siku hadi siku, mpaka jana ukawa ukanda mpana usio na pengo. Subilaga aliupandisha ili sikio liweze kuudaka. Ulisikika kama sufuria kubwa la maji linalotaka kuchemka, mtu amelifunika kwa nguvu.

Sekela alishika ukingo wa meza. "Hilo ndilo nililokuwa nikiketi juu yake?"

Subilaga alitenga ukanda ule, akautuma kwa Gwakisa. Jibu lilikuja kabla hawajaketi vizuri: *Malori yanaondoka sasa. Wapelekeni juu kabisa, wote, pamoja na ng'ombe.*

Kisha, kama alivyoahidi, akafuta. Sekela alikagua kila safu kwa kidole. Kilipobaki kipande chake tu, alisita.

"Niwekee nisikie."

Sauti ikatoka: pumzi kwanza, kisha kikohozi kidogo, kisha mwanamke akamwambia mwanawe kwamba parachichi za mwaka huu zimekuwa kubwa kama vichwa vya watoto. Sekela aliziba mdomo kwa kiganja. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba sauti yake imechafuliwa, kwamba hata yeye akisema ni kama yule mwizi anasema. Hii hapa ilikwaruza mahali ambapo koo lake lilikwaruza. Ilikuwa ya kwake.

"Nipe," alisema. Subilaga akaitia kwenye kadi ya kumbukumbu, akamkabidhi, akafuta mbele yake ile iliyobaki mtamboni.

*

Watu wa Isumba walihamia madarasa ya shule ya mlimani, ng'ombe wakafungwa kwenye uwanja wa mpira. Walilalamika, walipika, waligombania blanketi. Hakuna aliyekataa kupanda lori. Kila aliyetoa idhini alikuwa amepewa nafasi ya kuusikiliza mngurumo kwa masikio yake, na aliyeusikia hakuhitaji kubembelezwa.

Ziwa lilipasuka mchana wa jua kali. Toka mlimani waliona maji ya kijani yakigeuka rangi ya kutu, kisha katikati yakainuka kama mgongo wa kitu kinachoamka. Wingu jeupe, zito, likamwagika kupitia ule mwanya wa kijito. Halikupanda juu kama moshi. Lilitambaa chini chini, likafunika kituo cha maziwa, likafunika migomba mpaka majani ya juu. Kuku wachache walioachwa walisikika, kisha hawakusikika. Mlimani watu walisimama, akina mama wamewakumbatia watoto, wakitazama paa la kila nyumba likizama. Tumpe alikuwa anahesabu majirani kwa kunong'ona, akafika mwisho, akaanza tena, mpaka akaridhika kwamba wote walikuwa juu.

Upepo ulichukua siku kadhaa kulisafisha bonde. Mafundi wakaja na bomba refu la kutoa hewa kidogo kidogo, ziwa lisije likajaa tena. Gwakisa alikuja nalo, amekonda, akampa Subilaga mkono na kuushikilia.

"Nilikushauri vibaya," alisema.

"Ulishauri kwa hofu. Mimi pia niliogopa."

Gwakisa alitangaza ule mngurumo hadharani, wote toka mwanzo hadi siku ya kupasuka, ili wataalamu wa maziwa mengine wajifunze. Ukasikilizwa nchi nzima. Habari hiyo ndiyo iliyompeleka Subilaga mbio kwa Sekela, aliyekuwa anaanika nguo kwenye ua wa shule.

"Mama, ile kadi unayo? Wazo limenijia. Mwizi anaposhona sauti huishona juu ya kimya. Ya kwako ilinaswa juu ya ziwa, na mngurumo umo chini yake. Kipande kina muhuri wa siku tuliyofungua lakiri, na siku ile mngurumo ulikuwa bado haujatangazwa, hakuna mwizi aliyekuwa nao. Sasa umetangazwa. Yeyote anaweza kuchukua sauti yako akaulinganisha mngurumo wake na ule alioutangaza Gwakisa, wimbi kwa wimbi. Hakuna koti linaloshonwa hivyo."

Sekela alibana nguo kwenye kamba polepole. "Nimtumie Lwitiko ziwa."

"Umtumie wewe na ziwa."

"Na asipofungua?"

"Asipofungua utakuwa umesema."

Alifikiri mpaka kamba ikajaa. Kisha akatoa kadi kwenye pindo la kanga.

Walituma kipande chote kwenye sanduku la Lwitiko, bila kukikata wala kukisafisha, pamoja na maandishi mafupi yenye namba ya Subilaga na mahali pa kuupata mngurumo wa Gwakisa. Mkondo ulitaka kukipunguza, na Subilaga akaukatalia, akakipeleka kama faili zima. Kilichukua muda mrefu kwenda.

Siku zilipita. Watu walianza kurudi bondeni kwa makundi, wakipaka nyumba chokaa upya. Sekela alikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana simu ya Subilaga ilipolia, namba ngeni. Subilaga alisikiliza, akasema, "Subiri kidogo, kaka," akavuka uwanja na kumnyooshea Sekela ile simu.

Sekela hakuwa amezungumza kwenye simu tangu siku ile aliyoulizwa yeye ni yupi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nimelinganisha," mwanamume alisema upande wa pili. Alikuwa analia, au alikuwa kwenye upepo. "Nina vifaa vya kusikiliza visima. Nimelinganisha usiku na mchana, mama. Inakaa sawa. Yote inakaa sawa. Hivi parachichi zile ziliiva?"

"Zimeiva, zimeanguka, na hakuna wa kuziokota," Sekela alijibu, na mwanzoni sauti yake ilikwaruza, kisha ikasimama. "Unakuja lini?"

"Niko stendi."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama, sahani mikononi, lakini yeye hakuwaona. Alivuta kiti cha mwanafunzi, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta, akaketi.

"Basi mpaka gari lije, nisikilize vizuri," alisema, "maana nina mengi."